Mkwaju dirishani, mtini juu ya jiwe: bonsai zangu za Mwanza

Chumba changu kiko mlimani Bugarika, kwenye nyumba ya kupanga isiyo na uwanja. Mlangoni kuna ngazi za mawe, nyuma ni mwamba mtupu. Mtu akiuliza kwa nini nakuzia miti ndani, jibu ndilo hilo: sina pa kuipanda nje. Nina dirisha moja linalotazama mashariki, na leo hapo dirishani kuna mikwaju, mitini na mbuyu mchanga, vyote kwenye vyombo vya kina kifupi. Naandika nilivyofika hapa kwa sababu maelekezo mengi ya bonsai, yaani miti inayotunzwa ibaki mifupi kwenye chombo kidogo, yametungwa kwa watu wa nchi za baridi, na ukiyafuata yalivyo ukiwa Mwanza, miti haikai.

Kwanza kabisa, hakuna mbegu ya bonsai. Pakiti zinazouzwa mtandaoni kwa jina hilo zina mbegu za miti ya kawaida, ambayo ukiiacha itarefuka hadi kimo chake cha asili. Ufupi unaletwa na chombo kidogo, mkasi na kupunguza mizizi, basi. Sanaa hii ilianzia China, Wajapani wakaikuza, na miti yao mingine imeishi kuliko falme. Upo msonobari mmoja ulioanza kutunzwa mwaka 1625. Ulikuwa Hiroshima bomu la atomiki lilipoangushwa mwaka 1945, ukanusurika, na mwaka 1976 Wajapani wakaupeleka Marekani kuwa zawadi. Hadi sasa uko Washington. Habari za mti ule ndizo zilizonitia hamu, na mtu yeyote aliyesoma habari zake ataelewa kwa nini nilitamani msonobari wa namna hiyo.

Lakini msonobari ule huishi nje, na kila mwaka unapata miezi ya baridi ambayo ndiyo mapumziko yake. Sisi tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta. Mchana wetu una karibu saa 12 Januari hadi Desemba, na hakuna majira ya kuuambia mti ulale. Miti kama mepo ya Kijapani, misonobari ya milimani na mireteni, yote hiyo inadai baridi, na ukiifungia chumbani inadhoofika polepole hadi inakauka. Nikaamua kutafuta miti ambayo joto la Mwanza ni kwao.

Walimu wa karibu nilionao ni miamba yenyewe. Panda mlima wowote wa hapa mjini, Bugarika, Isamilo au Mabatini, utaona mitini ya porini iliyoota kwenye nyufa za mawe. Mingine ina shina nene kama paja la mtu mzima, na bado haijamzidi mtu urefu. Mbegu ililetwa na ndege, ikapata udongo kiganja kimoja, mizizi ikateremka juu ya uso wa jiwe ikitafuta ardhi. Wajapani wana mtindo wa bonsai wa namna hiyo, mizizi ikiwa imelikumbatia jiwe, wanauita sekijoju. Huku kwetu umejaa mlimani bila mtu kuupanda.

Kwa hiyo nilichagua miwili: mkwaju kwa mbegu, mtini kwa vipandikizi.

Mbegu za mkwaju hazina gharama. Ukinunua ukwaju sokoni Mirongo kwa ajili ya juisi au uji, mbegu unabaki nazo. Nazisafisha nyama yote itoke, kisha nasugua upande mmoja wa kila mbegu kwenye sakafu ya saruji mpaka ganda la kahawia lipungue rangi, na kuziloweka usiku kucha kwenye maji ya vuguvugu. Asubuhi zile zilizovimba ndizo za kupanda, kina chake kama sentimita moja na nusu. Ndani ya wiki moja au mbili zinatokeza. Uzuri wa mkwaju ni kwamba majani yake ni madogo tangu mwanzo, hivyo mti mdogo unaonekana kweli mti. Na jioni majani yanajikunja. Wageni wangu hudhani unakauka, kumbe ndivyo mkwaju unavyolala, hata ule mkubwa wa barabarani.

Mche ukishapata majani kamili mawili matatu, naung'oa taratibu na kukata mzizi mkuu, ule unaoshuka wima, kiasi cha theluthi mbili. Hapa ndipo wengi wanapoogopa, lakini ndiyo kazi yenyewe. Mzizi mkuu ukibaki, mti unatafuta kwenda chini na chombo cha kina kifupi hakitautosha. Ukikatwa, inatoka mizizi ya pembeni, na hiyo ndiyo inayoulisha mti kwenye bakuli na kuupa miguu mizuri juu ya udongo. Baada ya kukata naufunika kwa nusu ya chupa ya maji ya plastiki, nauweka kivulini mpaka uonyeshe jani jipya.

Udongo ulinichukua muda kuupata. Udongo mweusi wa mfinyanzi wa mabondeni hushika maji, na ndani ya nyumba hakuna jua la kuyakausha, mizizi inaoza. Wajapani wanatumia chembe za udongo maalumu zinazopitisha maji na hewa. Mimi nilimfuata mama mmoja anayeponda kokoto hapa juu yetu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unajenga?"

"Hapana mama, nataka zile chenga zinazobaki chini ukishapima ndoo."

"Hizo si natupa? Za nini tena?"

"Napandia miti."

Alinitazama, akachukua ungo akaanza kunipepetea vumbi litoke. Nilimlipa bei ya kokoto kwa sababu kazi ni ileile. Chenga hizo nachanganya na matofali ya kuchoma niliyoyaponda na kuyachekecha, nabakiza yale ya ukubwa wa punje ya mtama hadi ya mahindi, vumbi lote namwaga. Halafu pumba za mpunga kutoka mashineni, zilizounguzwa zikawa nyeusi bila kufikia majivu, na mboji kidogo. Matofali sehemu mbili, mawe sehemu moja, pumba na mboji kwa pamoja sehemu moja. Ukimwagia maji yanapita papo hapo na kutoka chini, ila matofali yanabaki na unyevu ndani yake. Mchanganyiko huo umenifaa kwa mikwaju na kwa mitini pia.

Sasa mwanga, ambao ni mgumu kuliko yote. Macho yetu yanadanganya: chumba kinachoonekana cheupe kabisa kwetu, kwa mti ni giza. Hatua mbili tu kutoka dirishani mwanga umeshapungua mno. Dalili zake utaziona: pingili zinakuwa ndefu, majani yanakuwa makubwa na membamba, mti unainamia upande mmoja. Tena hapa karibu na ikweta jua la adhuhuri liko utosini, linaishia kwenye bati; haliingii ndani. Dirisha la mashariki linapata jua la asubuhi na la magharibi linapata la jioni, ndiyo maana hayo mawili ndiyo bora. La kaskazini linaguswa na jua kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba, la kusini katika miezi inayobaki, na yote mawili hukatwa na upenu.

Kwangu jua linaingia tangu linapochomoza hadi kama saa nne. Niliomba ruhusa kwa mama mwenye nyumba nikahamisha wavu wa mbu kutoka dirishani, nikabaki na chandarua kitandani, maana wavu ule ukishashika vumbi unakula mwanga mwingi. Nikapigilia ubao kwenye usawa wa dirisha, vyombo vikakaa palepale kwenye kioo. Ukuta wa pembeni nikaupaka chokaa nyeupe urudishe mwanga. Kila nikimwagilia nageuza vyombo robo mzunguko. Miezi ya mawingu ya masika nawasha taa nyeupe ya LED, kiasi cha shibiri moja juu ya majani, ikishirikiana na dirisha kufikisha jumla ya saa 12 za mwanga kwa siku. Umeme ukikatika siku moja mbili mti hausemi kitu.

Vipandikizi vya mtini ni rahisi kuliko mbegu, na ndivyo ningemshauri mtu aanze navyo. Jamii hii ya miti inapenda kushika. Ng'ambo ya ziwa, Uganda, mutuba ambao gome lake hutengenezwa nguo hupandwa kwa kusimika tawi tu ardhini, na utengenezaji wa nguo hizo UNESCO iliutambua mwaka 2005. Nakata tawi la unene wa kalamu, urefu sentimita 10 hadi 15, chini kidogo ya kifundo. Utomvu mweupe unatoka. Nausuuza kwenye maji mpaka ukome, na mikono nanawa kwa sababu unawasha ngozi na macho. Majani ya chini natoa yote, ya juu nabakiza mawili matatu nikiyakata nusu ili yasipoteze maji. Nachomeka kwenye mchanga mkubwa uliooshwa, nafunika kwa chupa, naweka penye mwanga usio na jua kali. Mwezi mmoja hadi mwezi na nusu vinakuwa vimeshika. Usivivute kupima, jani jipya litakuambia.

Ukitaka shina nene haraka, funga vipandikizi vitano au sita pamoja kwa kamba ya plastiki. Mitini inaungana gome kwa gome, na miaka ikienda vinakuwa shina moja lenye mikunjo. Nina wa namna hiyo, na watu wote huudhania mzee.

Ule wa juu ya jiwe ndio ninaoupenda kuliko yote, nao unataka subira. Kipandikizi kikishashika nakihamishia kwenye chupa ya lita moja na nusu iliyokatwa kitako na kugeuzwa mdomo chini, imejazwa ule mchanganyiko wa mawe na matofali. Juu namwagilia kidogo, chini nauacha mdomo wa chupa ndani ya kisahani chenye maji. Mizizi inafuata maji, inarefuka na kunyooka. Wakati huo natafuta jiwe. Mwanza mawe si shida, lakini jiwe zuri lina mifereji na uso wenye mikwaruzo, kwa sababu mzizi hauwezi kukaa kwenye jiwe laini. Naliosha kwa brashi, naupasua upande wa chupa nisivunje mizizi, naukalisha mti juu ya jiwe na kuulaza kila mzizi kwenye mfereji wake. Kisha nafunga kwa vipande vya mfuko wa plastiki vilivyokatwa vyembamba, vibane bila kukata gome, na jiwe lote nalizika kwenye ndoo yenye udongo mpaka shingo ya mti.

Baada ya hapo ni kumwagilia na kuuacha ukue utakavyo, matawi bila kuguswa, kwa mwaka mzima au zaidi. Majani mengi ndiyo yanayonenepesha mizizi. Ndipo unaanza kuondoa udongo wa juu, vidole viwili kwa wakati, wiki baada ya wiki, mizizi ya juu izoee hewa na kupata gome. Siku jiwe langu lilipotoka lote, mizizi ilikuwa imeshalibana, nikakata zile plastiki na hakuna uliosogea. Mama wa kokoto nilimshushia aone. Aliushika mti ukiwa na jiwe lake, akaugeuza, akasema, "Hili ni jiwe la huku juu. Nalijua rangi yake."

Mengine ni madogo. Namwagilia pale kijiti cha meno kilichochomekwa kwenye udongo kinapotoka kikavu nusu yake, si kwa ratiba. Vidung'ata wakitokea nawafuta kwa pamba yenye spiriti. Utitiri huja Julai na Agosti hewa inapokauka, na dawa yake ni kuyaogesha majani kwa maji pande zote mbili. Vile vijidudu vya ziwa vinavyokuja kama wingu huangukia dirishani na kulala juu ya majani. Navipeperusha kwa brashi ya rangi. Matawi nayapinda kwa waya wa shaba uliotolewa kwenye nyaya chakavu za umeme, nikiuzungusha kwa mshazari na kuutoa kabla haujaanza kuzama kwenye gome, ambapo kwa mitini ni miezi michache tu. Kupogoa: tawi likifikisha majani sita au nane nalirudisha kwenye mawili.

Vuli ikianza nitahamisha mikwaju mitatu kwenye mabakuli ya udongo ambayo fundi vyungu ameshanitoboa matundu chini, na mbuyu nitaukata mzizi kwa mara ya kwanza. Majirani wawili wameshachukua vipandikizi vyao. Mmoja ana dirisha la magharibi, kwa hiyo tutaona tofauti.