Amri Niliyoiandika Gizani

Mwaka 2006 mgao wa umeme ulitubana kwelikweli. Mvua ziligoma, maji ya bwawa la Mtera yakashuka, nasi kule Morogoro tukawa tunapanga kazi kwa saa za giza. Nilikuwa fundi kijana katika chama kimoja cha akiba na mikopo. Hesabu zote za wanachama, wauza mboga na walimu wastaafu, zilikuwa ndani ya seva moja, kompyuta ya mfumo wa Linux iliyokaa chini ya meza.

Siku hiyo tulichelewa kufunga hesabu. Saa 1 usiku umeme ukakatika, UPS, ile betri ya akiba ya seva, ikaanza kulia. Nikaigeukia skrini: nyeusi. Kumbe kuna mtu alikuwa ameitoa kwenye UPS, akaihamishia kwenye soketi ya ukutani. Seva inanguruma, kuona sioni, na betri ile kuukuu haikuwa ikimaliza dakika 5.

"Si uchomoe tu, mwanangu?" mama mhasibu akauliza, simu ya tochi mkononi.

"Hapana, mama. Malipo mengine ya leo bado hayajaandikwa kwenye diski. Nikichomoa, yamekwenda."

Nikabonyeza Caps Lock. Kitaa kikawaka, nikakizima. Kibodi ilikuwa hai. Ctrl, Alt na Delete zingeiwasha upya, ije ikatikie njiani, na mimi nilitaka ilale kabisa. Nikaandika jina la msimamizi, Enter, nywila, Enter. Sasa nitajuaje kama imenikubali? Nikagusa kitufe cha kufuta. Kutoka ndani ya seva ukaja mlio mfupi, mzito kuliko wa UPS. Ukishaingia, ukafuta mahali pasipo na herufi, ndivyo inavyokujibu. Sijapata kuupenda mlio wa mashine kama ule.

Nikaandika herufi moja moja, kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano: shutdown -h now. Hiyo h ndiyo ya kuzima; ningeweka r, ingewaka tena.

Enter. Diski ikakwaruza kwa muda, ikishusha kila ilichoshika. Kisha mvumo wake ukafifia, feni nayo ikanyamaza. Ikabaki UPS peke yake inalia.

Asubuhi umeme uliporudi, mama mhasibu aliketi na risiti za jana, akalinganisha moja baada ya nyingine, kidole kwenye skrini. Ya mwisho ilikuwa ya Sh 2,000, ya muuza mchicha.

"Ipo," akasema.