Kupimwa usingizi hospitali: nywele ndo zilinirudisha mara ya pili

Miaka nakoroma na kila mtu ananiambia huo ni usingizi mnono, kazi zinakuchosha. Mume wangu ndo alishtuka, akasema unakoroma halafu kimya, pumzi hakuna, mpaka nikutikise ndo unavuta kwa kishindo. Mchana nasinzia hata nikikatakata mboga. Daktari akaniandikia kipimo cha kulala usiku kucha.

Mara ya kwanza nilitoka harusini kwa wifi yangu, nywele zimelowa mafuta ya nazi, vidole vina hina na piko mpaka kuchani. Hospitali kwenye simu hakuna aliyeniambia nywele ziwe bila mafuta wala vidole bila piko! Yule dada wa zamu masikini alihangaika karibu saa nzima, anasugua ngozi ya kichwa, anabandika waya wa kurekodi usingizi, unabanduka, anabandika tena, na kidole nacho mashine ya kupima oksijeni haisomi vizuri kwa ule weusi mpaka akahamishia kwenye ndewe ya sikio. Saa nane usiku nyaya za kichwani zimeachia karibu zote. Asubuhi naambiwa usingizi haukurekodika vya kutosha, nirudi. Maelfu yangu yalienda, nililia ndani ya matatu mpaka Likoni.

Mara ya pili nikangoja piko ififie, nikaosha nywele kwa shampuu mara mbili bila kupaka chochote, nikasukwa twende kilioni yenye mistari mipana, gundi ikashika palepale kwenye mistari. Dakika 40 tumemaliza! Wadada wenye rasta na weave, hiyo inawahusu.

Wanakuwekea nyaya kichwani, pembeni ya macho, kidevuni, kifuani na miguuni, mikanda miwili kifuani na tumboni, kimrija puani. Haviumi. Kamera ipo, mimi niliomba nihudumiwe na mwanamke na nikapewa. Vaa nguo ya vipande viwili, dera linasumbua. Chooni unaenda, unaita tu wanakuchomolea. Kahawa acha tangu mchana. Na jirani aliyeniambia nimeze dawa ya usingizi kwanza alikosea sana, zingine zinaharibu majibu, muulize daktari.

Nilidhani sitalala kabisa, nikalala kama saa tano na zikatosha. Majibu: pumzi inakata au kupungua mara 34 kwa saa, kila mara sekunde 10 au zaidi, na kuanzia 30 inahesabiwa kali. Huo ndo usingizi mnono walionisifia! Sasa nalala na mashine ya CPAP, ile inayosukuma hewa kwa barakoa ili koo lisizibe, barakoa ilinisumbua wiki mbili hivi, na mume wangu analala mpaka adhana ya alfajiri bila kunitikisa.