Tundu moja la pua

Usiku huu nimerudi kwenye shwanoma ya sainasi (vyumba vya hewa vinavyoizunguka pua), uvimbe adimu usio saratani. Huota kutokana na seli za Schwann, zile zinazouviringisha uzi wa neva kama ganda la waya. Robo hadi karibu nusu ya shwanoma zote hutokea kichwani na shingoni, lakini za pua na sainasi hazifiki asilimia 4. Makao yake makubwa ni sainasi za ethmoidi, kati ya macho, kwenye vitawi vya neva ya tano, ile inayoupa uso hisia.

Dalili zake ndizo zinazopoteza watu. Pua kuziba, kamasi, damu kidogo, kichwa kuuma: nani asingesema ni nyama za pua? Mgonjwa hupewa dawa ya kupuliza, miezi inapita. Lakini nyama za pua za kawaida huziba pande zote mbili. Likiziba tundu moja tu, au jicho likianza kutokeza, ni wakati wa picha.

Na picha itangulie kisu. Kwa kijana wa kiume, kile kinachoonekana kama nyama kinaweza kuwa anjiofibroma, uvimbe uliojaa mishipa ya damu. Ukikinyofoa pale kliniki, damu itamwagika ushindwe kuizuia. Kinaweza pia kuwa ubongo ulioshuka kupitia tundu la sakafu ya fuvu. CT huonyesha mfupa: shwanoma kwa kawaida huusukuma na kuukondesha polepole, haiutafuni. MRI yenye gadolinium, dawa ya kung'arisha picha, hutenganisha uvimbe, ambao hung'aa, na kamasi lililonaswa nyuma yake, ambalo hung'aa ukingoni tu.

Jibu lenyewe hutoka kwenye hadubini: sehemu zenye seli zilizosongamana, ziitwazo Antoni A, sehemu legelege, Antoni B, na rangi za kutambua protini za S100, iliyoshika kote, na SOX10. Hapa pana mtego. Shwanoma za puani aghalabu hazina gamba la kuzizunguka, hivyo aliyezoea zile za shingoni anaweza kuona kingo zimejipenyeza akadhani ni saratani. S100 peke yake nayo haitoshi, maana ipo sarkoma (saratani ya tishu laini) ya puani inayoishika kwa madoa huku SOX10 ikiikataa.

Tiba ni upasuaji, siku hizi mara nyingi kwa endoskopu, mrija mwembamba wenye kamera, kupitia puani, bila kupasua uso. Uvimbe hupunguzwa katikati kwanza ili upatikane uwazi, kisha kuta zake huachanishwa mpaka kwenye mzizi, pale ulipoota. Sakafu ya fuvu ikitoboka, izibwe papo hapo kwa utando wa pua wa mgonjwa mwenyewe. Isipozibwa, maji ya ubongo huvuja na homa ya uti wa mgongo inaweza kufuata. Mionzi haisaidii sana. Ukitolewa wote, kurudi ni nadra.

Ikiwa mzizi uko kwenye neva ya chini ya jicho, shavu na mdomo wa juu huenda vikabaki na ganzi. Hilo mgonjwa aambiwe kabla hajatia saini.