Thepla ndani ya kanga: nilivyozunguka vilima vya Pune bila kuhangaika na chakula

Mtanzania anayekuja kusoma Pune hupewa ushauri uleule: beba unga wa sembe, beba dagaa wa kukaanga, na wikiendi tulia chumbani, maana chakula cha njiani ni pilipili tupu na kitakuharibu tumbo. Nimeusikia kwa wakubwa zangu chuoni, nimeusikia hata kwa watu ambao hawajawahi kukanyaga India. Naupinga. Kilichonifungulia njia ya kutembea ni chakula cha nyumbani cha Kigujarati kisicho na nyama, nilichojifunza kwenye jiko la sahani moja.

Chumba nilichopata kilikuwa juu ya nyumba ya familia ya Kigujarati. Sharti la kwanza, hata kabla ya kodi, lilikuwa kwamba humo ndani haipikwi nyama, samaki wala yai. Nyumba nyingi za kupanga Pune zina sharti hilo. Wenzangu wakasema nitaishia kula kabichi ya kuchemsha. Mama mwenye nyumba nilimwita Kaki, yaani mke wa baba mdogo, kama walivyomwita vijana wote wa mtaa ule. Yeye akaniita beta, mwanangu, na kuanzia hapo jikoni kwake nikawa naingia bila kubisha hodi.

Mimi ni mtoto wa Babati. Mbaazi nimezilima, nimezipura, nimeshonea magunia. Kwetu mbaazi ni za kuuza zaidi kuliko za kula, na mnunuzi mkubwa ni India. Agosti 2017 serikali ya India ilipoweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingia kwa mwaka, bei kwetu ilianguka vibaya, na ada za watoto wengi zikaanguka nayo. Kwa hiyo siku nilipomwona Kaki akiosha mbaazi zilizokobolewa na kupasuliwa, nilisogea nione jasho letu linaishia wapi.

Linaishia pazuri. Anaziweka kwenye presha kuka na manjano na karanga kiganja kimoja, anahesabu filimbi, kisha anazipiga kwa mchapo mpaka ziwe laini. Anatia nyanya, tangawizi, sukari guru na limau, kwa sababu mchuzi wa mbaazi wa Kigujarati lazima uwe na utamu na ukali wa ndimu kwa pamoja. Mwisho ndio kazi yenyewe. Kwenye kikaango kidogo cha chuma anachemsha samli, anatupia mbegu za haradali na kufunika haraka zisimrukie, zikinyamaza anatia bizari nyembamba, pilipili kavu nzima, na mvuje kiasi cha kushika kwa ncha ya kisu. Nazungumzia ule utomvu uliosagwa, wenye harufu kali, ambao mabibi wa pwani huutumia kufukuza mashetani. Ndani ya samli ya moto ile harufu inageuka kabisa, inakuwa ya kitunguu saumu kilichokaangwa. Ndiyo maana Wajaini, waumini wa dini moja ya India wasiokula vitunguu, wanautegemea. Kikaango chote kinamiminwa juu ya mbaazi na sufuria inafunikwa papo hapo. Ukichelewa kufunika, harufu yote umewapa majirani.

Lakini mbaazi hazibebeki kwenye treni. Chakula cha safari ni thepla, na hapa ndipo nilipokutana na ushauri mbovu kuliko wote.

Thepla ni chapati nyembamba za majani ya uwatu. Wagujarati hawasafiri bila hizo. Kwenye video za mtandaoni utaambiwa ukande kwa maji ya uvuguvugu, utie hamira ya unga ili ziwe laini, na uzifunge kwenye karatasi ya foili zingali za moto. Yote matatu ni makosa ikiwa safari ni ya siku mbili. Kaki hakubishana nami kwa maneno. Alinikandisha madonge mawili kwa mikono yangu, Ijumaa jioni: moja kwa maji, jingine kwa mafuta na mtindi bila tone la maji. Unga uleule wa atta, unga kidogo wa dengu, majani yaleyale. Tukachoma, tukaweka kila kundi kwenye kopo lake, makopo yakakaa rafu moja. Jumapili mchana akaniita nifungue. Za maji zilivunjika mkononi na zilishaanza kutoa harufu ya uchachu. Za mtindi nilizikunja nne, zikakunjika, na ladha ilikuwa imezidi ile ya siku ya kwanza kwa sababu viungo vilikuwa vimetulia.

Tangu siku hiyo nafanya hivi. Majani ya uwatu nayaosha, nayatandaza kwenye kitambaa mpaka yakauke kabisa, nayakatakata, nanyunyizia chumvi na kuyaacha yalegee. Umajimaji yanaotoa ndio unaoanza kukanda unga. Natia manjano, pilipili ya unga, ufuta, kipande cha sukari guru. Mafuta namimina mpaka nikifinya unga kwenye ngumi ushikane wenyewe. Usiyaogope, ndiyo yanayozuia zisikauke. Mtindi unakuja mwisho, kijiko kwa kijiko, na naacha mara tu donge linapokubali. Nasukuma nyembamba kuliko chapati zetu, nachoma pande zote mbili kwa mafuta kidogo, moto wa wastani.

Kisha nazipoza, na watu hawana subira na hatua hii. Natandaza kanga safi kitandani, nazipanga moja moja zisilaliane, nawasha feni. Baada ya muda nazigeuza, maana upande wa chini huwa umelowa jasho. Nikizigusa kwa mgongo wa mkono na kusikia baridi, ndipo nazipandanisha na kuzifunga kwenye kanga ileile, ndani ya kopo la chuma lenye vibanio. Mvuke ukifungiwa unakuwa maji, na maji yanaleta ukungu. Kanga inanyonya kidogo kilichobaki, foili hainyonyi. Kaki alikuwa akitumia kitambaa cha pamba cha kawaida. Alipoiona kanga yangu akaomba ya kwake, nikamwagizia kutoka Arusha.

Pembeni nabeba viazi vikavu vya haradali na manjano, bila kitunguu wala nyanya, na kijichupa cha chhundo, achari tamu ya embe bichi iliyokunwa, ikachanganywa na sukari na chumvi, ikaanikwa juani siku kadhaa chini ya kitambaa mpaka sukari iwe shira. Jiko haliguswi. Inatengenezwa miezi ya joto, Aprili na Mei, na ukiweka vizuri inamaliza mwaka. Viazi vinaliwa Jumamosi mchana, visivuke hapo. Thepla na achari zinafika Jumapili usiku. Chatine ya nazi usibebe hata kama safari ni fupi.

Safari niliyoipenda kuliko zote ni ya Matheran, mji mdogo wa mapumziko juu ya mlima. Kutoka Pune unapanda treni hadi Karjat, unabadilisha hadi Neral, na kutoka Neral kuna kijitreni chembamba kinachopanda mlima kwa kona nyingi. Reli hiyo ilifunguliwa mwaka 1907. Msimu wa mvua sehemu ya chini inasimamishwa, hivyo uliza kwanza. Sisi tulikosa tiketi tukapanda teksi ya kuchangia hadi Dasturi, ambapo magari yote yanaishia. Matheran hairuhusu gari wala pikipiki ya mtalii. Sisi tuliendelea kwa miguu, wengine wakipanda farasi, kwenye udongo mwekundu kabisa uliofanana na wa Babati, nami nikatembea kwa furaha ambayo wenzangu hawakuielewa. Gharama yote ya wikiendi, malazi yakiwemo, haikufika nusu ya walichotumia wanafunzi wenzetu waliokula hotelini.

Tahadhari pale ni tumbili. Kwenye ukingo mmoja wa kutazamia bonde, familia jirani ilifungua mfuko wa krispi. Kabla mtoto hajaingiza mkono, tumbili alikwishashuka kutoka mtini, mfuko ukaondoka. Wamejifunza mchakacho wa plastiki. Wakiusikia tu wanakuja. Kopo la chuma halichakachi, na kwa sababu thepla zilipoa kabisa halitoi harufu mpaka ulifungue. Tuliketi migongo ikigusana, kopo likiwa katikati, kila mtu akachukua thepla iliyokunjwa na achari ndani, kopo likafungwa tena. Tumbili watatu walitutazama tukala hadi mwisho, hakuna aliyesogea.

Kama huna siku mbili, panda treni ya abiria ya Pune kwenda Lonavala na ushuke Malavli. Nauli haifiki bei ya soda. Unatembea hadi mapango ya Bhaja, mahekalu ya watawa wa Kibudha yaliyochongwa mwambani takriban karne ya 2 kabla ya Kristo. Ukumbi mkubwa umechongwa kuiga jengo la mbao, nguzo zimeinamia ndani kidogo, na mwangwi wake unakufanya ushushe sauti. Wakati wa mvua, kuanzia Juni, maporomoko yanashuka pembeni ya njia na mawe yanateleza sana, vaa viatu vyenye meno. Ukiendelea hadi Lonavala utakuta maduka ya chikki mfululizo. Ni kashata za karanga na sukari guru. Nunua zilizopangwa siku hiyo, sio zilizofungwa kwenye boksi la zawadi.

Jumapili usiku usipike vingi. Mchele na choroko zilizopasuliwa, sawa kwa sawa, manjano, chumvi, maji mengi kuliko ya wali, presha kuka filimbi nne, samli juu na mtindi pembeni. Hiyo ndiyo khichdi. Tumbo lililosafiri linatulia nayo. Choroko ziloweke asubuhi unapoondoka ukirudi siku hiyohiyo. Ukilala nje usiziloweke, zitachacha. Na mvuje nunua kikopo kidogo, kifunge vizuri, kiweke mbali na majani ya chai.