Swali la shangazi kuhusu laini ya Karuma

Siku ya Idi, tukiwa bado mkekani baada ya chakula pale Bombo, shangazi aliniuliza: "Mwanangu, ile laini ya umeme ya Karuma ikiwashwa, mtu anabonyeza tu kama taa ya chumbani?" Wageni walikuwa wanaingia, nikamjibu kwa maneno mawili. Swali lile limekaa nami tangu siku hiyo. Ndiyo kazi yangu, na alistahili jibu kamili.

Shangazi, laini inayotoka bwawa la umeme la Karuma hadi kituo cha Kawanda, karibu na Kampala, ni ya volti 400,000, urefu wake karibu kilomita 250. Laini ndefu namna hiyo huwashwa upande mmoja kwanza, upande wa pili ukiwa bado wazi. Umeme huingia kama wimbi, kwa kasi inayokaribia ya mwanga, na hufika mwisho kabla milisekunde moja, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde, haijatimia. Ukifika hauna pa kwenda. Unakumbuka mvua kubwa inavyoteremka kwenye mfereji wa nyuma ya nyumba yako na kugonga ukuta? Maji hupanda ukutani kwanza, ndipo yarudi. Volteji nayo hupanda hivyo, hata mara mbili.

Sasa, volteji ya umeme wetu wa hezi 50 hupanda na kushuka kama wimbi, ikipita kwenye sifuri kila baada ya milisekunde 10. Kati ya sifuri na sifuri kuna kilele, na kwa laini hiyo kilele cha fezi moja, yaani njia moja kati ya zile tatu za umeme, ni kama volti 327,000 kwenda ardhini. Breka, yaani swichi kubwa ya laini, ikifunga (ikiwasha) kileleni, mwisho wa mbali unaweza kupigwa na volti 650,000. Kama laini imezimwa sekunde chache tu zilizopita na bado imeshika chaji, kuirudisha wakati mbaya kunaweza kuipandisha volteji hadi mara tatu ya kilele. Hapo vikombe vya minarani vinavyozuia umeme usiguse chuma, pamoja na transfoma, viko hatarini.

Kwa miaka mingi breka za laini ndefu zimefungiwa rezista, vifaa vya kubana mkondo: umeme unapita humo kwanza kwa milisekunde chache, nguvu ya wimbi inapungua. Inafaa, ila ni vyuma vingi vya kutunza. Mimi napenda njia nyingine. Mtu anabonyeza, lakini kidhibiti kinaishikilia amri, kinalitazama wimbi, kinapiga hesabu ya muda ambao breka itachukua kufunga, ndipo kinaiachia ili ifunge kwenye sifuri. Kila fezi inaachiwa peke yake, kwa sababu sifuri zao zinapishana kwa milisekunde 3.3.

Ugumu uko kwenye chuma. Baridi ya alfajiri hubadilisha mwendo wa breka, betri ya kituo ikishuka hubadilisha, na breka iliyokaa wiki nyingi bila kuguswa huamka nzito. Tena cheche huruka kabla vyuma havijagusana, kwa hiyo hata hiyo cheche lazima iingizwe kwenye hesabu.

Katika kituo kimoja nilichowahi kufanya kazi, tulikuwa na kapasita, vifaa vya kuinua volteji, zilizowashwa kwa njia hii. Kila zikiingia, taa za ofisini zilitikisika, na watu walikuwa wamezoea. Nilileta mashine ya kupima muda. Fezi mbili zilikuwa sawa, ya tatu ilichelewa milisekunde 2. Shangazi, milisekunde 2 baada ya sifuri volteji imeshafika asilimia 59 ya kilele! Nilipotafuta vipimo vya nyuma, daftari lilikuwa tupu kwa miaka miwili. Niliumia sana, kwa sababu kipimo chenyewe ni kazi ya asubuhi moja. Tuliisafisha breka, tukaipaka grisi mpya, tukaipima mara kumi alfajiri na mara kumi mchana, kisha tukakipa kidhibiti namba mpya. Jioni kapasita ziliingia nikiwa nimesimama chini ya taa ya ofisini. Haikutikisika.

Kwa hiyo ndiyo, shangazi, mtu anabonyeza. Breka inasubiri kidogo kabla ya kumtii. Nimechapisha mchoro wa mawimbi ya fezi zile tatu, ya kabla na baada ya kurekebisha breka, nitakuja nao Ijumaa baada ya swala.