Siku moja Langoni: nafasi moja iliyovunja anwani

Saa kumi na moja na nusu alfajiri naamka kabla punda wa jirani hajaanza kelele zake. Chai ya tangawizi, mahamri mawili, kisha napanda darini na kompyuta. Chini, ndani ya kuta nene za mawe ya matumbawe, mtandao haupenyi.

Saa moja. Kazi yangu ni laibrari ndogo, yaani kipande cha programu ambacho programu nyingine hukitumia: unaipa jina la tovuti, inakurudishia anwani ya kupokelea Bitcoin au Monero, sarafu za kidijitali. Inafuata kanuni ya OpenAlias, waliyoitunga watu wa Monero mwaka 2014. Mwenye jina huweka kwenye DNS, daftari la majina ya tovuti, rekodi ya TXT (maandishi matupu) inayoanza na oa1:btc au oa1:xmr, halafu recipient_address= na anwani yake. Anwani ya kawaida ya Monero ina herufi 95. Nani ataikariri? Hapa Lamu mzigo hufika kwa kutaja mtaa na jina la mwenye nyumba, basi.

Saa tatu, ujumbe wa mtumiaji: pochi, programu yake ya kutunzia sarafu, inakataa anwani. Moyoni nikasema kanakili vibaya. Kumbe kosa langu. Kipande kimoja cha TXT hakizidi baiti 255. Yeye alitanguliza jina na maelezo marefu, anwani ikaja mwisho, rekodi ikagawanyika vipande viwili, na laibrari yangu ikaviunga kwa kutia nafasi. Nafasi moja! Ikaangukia katikati ya anwani. Vipande hivyo huunganishwa bila kitu kati yake. Kurekebisha ni kufuta herufi moja. Majaribio ya kuhakikisha haitarudi yalinila saa nzima. Afadhali anwani ya Monero hubeba tarakimu za ukaguzi, ndiyo maana pochi ilikataa.

Saa sita umeme ukakatika.

“Ndoo ule,” mama akaita. Wali wa nazi na samaki wa kukaanga.

“Hasa unauza nini huko mtandaoni?”

“Siuzi, mama. Natengeneza kitu cha kusoma daftari la majina.”

“Na mtu akiligeuza hilo daftari njiani?”

Nikaacha kutafuna. Jibu lipo, linaitwa DNSSEC: saini zinazoonyesha kama rekodi imechezewa. Lakini laibrari yangu, isipoona saini, ilikuwa ikitoa anwani vilevile na onyo kidogo. Onyo husomwa na nani?

Saa tisa umeme ukarudi, nikaibadilisha. Hakuna saini, hakuna anwani. Watalalamika, maana majina mengi hayajatiwa saini. Walalamike. Bitcoin iliyokwenda kusiko hairudishwi kwa kupiga simu kwa wakala.

 

Saa kumi na mbili kasoro, kahawa chungu mkononi, natoa toleo jipya. Nikalijaribu kwanza kwa jina la tovuti yangu mwenyewe.

Jina likakataliwa. Miaka yote hii sijalitia saini.