Seti ya shanga na kijaluba cha mamangu

Masika yakishaingia hapa Mombasa watoto hawana pa kwenda. Uwanja umejaa maji, ngazi zinateleza, na ukiwaachia simu mpaka adhuhuri wanakuwa wakali, kila neno ugomvi. Hii likizo ya Aprili wiki ya kwanza nilivumilia, ya pili nikashindwa, nikapanda tuktuk mpaka mjini nikaingia duka la midoli nikatoka na seti ya shanga za watoto, shilingi 650.

Ni boksi la plastiki lenye vyumba 24, kila chumba na rangi yake, vyumba viwili vina shanga za herufi, kuna roli moja ya lastiki, na karatasi yenye picha za bangili zilizokwisha tungwa. Binti yangu ana miaka 8, akalikumbatia lile boksi hata viatu hajavua. Kaka yake ana 4 na boksi limeandikwa kuanzia miaka 6, lakini nani atamweka kando mtoto anayeona rangi zote zile? Nikamtafutia kamba ya kiatu, ile ncha yake ngumu inapita vizuri kwenye zile shanga kubwa kama punje ya mbaazi, nikamhesabia 20, na zikirudi nazihesabu tena 20, manake mtoto wa umri huo shanga ikipotea kwanza unamwangalia puani na masikioni, na hilo jambo sina utani nalo kabisa.

Siku mbili za kwanza binti yangu alikuwa anaiga picha tu. Pinki, nyeupe, pinki, nyeupe, kama ilivyo kwa karatasi, na akikosea moja anafumua yote machozi yakimlenga. Sikuipenda ile karatasi. Siku ya tatu ikapotea (niliikuta baadaye chini ya kochi) na hapo ndo akaanza kutunga vya kwake, akaweka kijani na zambarau na rangi ya dhahabu pamoja, mimi nisingethubutu kuziweka hivo lakini ilipendeza mashaallah.

Tatizo likawa lastiki. Bangili yake ya kwanza aliyoandika jina lake ilikatika kwenye ngazi, tunatoka kwenda kununua maziwa, na sisi tunakaa ghorofa ya tatu, shanga ziliteremka mpaka chini mlangoni kwa mlinzi. Alilia vile sijamsikia akilia tangu alipoanguka na baiskeli. Tuliokota mpaka tukazipata herufi zote isipokuwa moja, na zile bangili ambazo hazikukatika nazo zikalegea, uzi unaonekana katikati ya shanga, zinaning'inia tu mkononi.

Jumamosi mamangu akaja kutoka Likoni. Wajukuu wakampokea, "Shikamoo nyanya," "Marahaba mume wangu, hujambo?" (huyo ni yule wa miaka 4, na anaitika kwa fahari yote), akavua buibui, akanywa chai, kisha akaulizwa kuhusu lastiki kama vile ni fundi aliyeitwa. Akaishika, akaivuta kwa nguvu mara tatu nne kabla hajaitia shanga hata moja. "Ivute kwanza ichoke, ikishachoka ndo haikulegelei." Halafu fundo, usilipitishe mara moja, zungusha mara mbili ndo ukaze, kisha tone la rangi ya kucha juu yake, liache likauke, na fundo lenyewe ulivute lijifiche ndani ya tundu la shanga. Bangili ile tangu siku hiyo haijakatika.

Akanyanyuka akaenda zake kwao. Asubuhi yake, bila kuitwa, akapanda feri tena akaja na kijaluba, kile kisanduku chake kidogo.

Mimi kile kijaluba nakijua. Kilikuwa kwenye kabati lake juu kabisa, nyuma ya udi. Nilipokuwa na miaka kama tisa hivi alinikalisha mkekani akataka kunifundisha kutunga, nikamwambia shanga ni mambo ya ushamba, nikakimbilia tivii kwa jirani. Hakunigombeza. Alifunga kijaluba akakirudisha kabatini na hakuniita tena, na mimi kwa miaka yote sikuwahi kukumbuka siku ile mpaka nilipokiona kile kijaluba juu ya meza yangu.

Akatandika leso chini, akakunja pande zote nne zikawa kama kingo ili shanga zisibingirike kwenye vigae, akamimina. Ni tunda zake za zamani, zile shanga za kiunoni, uzi ulishakatika. Shanga ndogo za kioo, nyekundu, nyeupe, kijani, samawati, ndogo za milimita 2 hivi, zile ambazo kwa pakiti za dukani huandikwa namba 11 (namba ikipanda shanga inapungua, nilikuwa sijui). Juu ya ukucha wa kidole gumba changu zilikaa saba na nafasi ikabaki.

"Nyanya, hizi za nini?"

Mimi niko jikoni nasukuma mahamri, mkono ukasimama. Utunda ni mambo ya chumbani, ya watu wazima, na huyu ana miaka 8, nikasema mama atajibu nini sasa. Mamangu hata hakuinua macho.

"Za kiunoni. Mtoto mchanga huvalishwa, ukimwogesha unaangalia uzi. Ukianza kubana unajua ananenepa, ukilegea unajua kuna jambo. Hizi nyekundu alivaa mamako. Zilizobaki utazijua ukubwani."

Basi. Binti yangu akaridhika. Mimi nilibaki na mpini wa kusukumia mkononi, sikujua kama niliwahi kuvalishwa, hakuna aliyeniambia, na sikuuliza.

Kazi yenyewe haikuwa rahisi. Binti yangu alitaka kuchanganya za nyanya na za boksi, na zile ndogo zikifika kwenye shanga kubwa zinazama ndani ya tundu, zinapotea kabisa, anatunga tatu anaona moja. Lastiki nayo haipiti kwenye hizo ndogo. Mamangu akatoa uzi wa nailoni, akauburuta kwenye nta ya mshumaa mara mbili ukawa mgumu kidogo na hausokotani, akautia kwenye sindano nyembamba ya shanga, kisha akamuonyesha: kabla ya shanga kubwa weka moja ya wastani, na baada yake weka nyingine, hizo ndo walinzi, hizo ndogo haziwezi kupita hapo. Boksi lina za wastani chumba kizima na hatukuwa tumejua za nini. Wakatunga vichwa vimegusana, mvua inapiga madirisha, stima zikapotea wakasogea karibu na mlango wa roshani wakaendelea.

Akauliza pia shanga zinatoka wapi. Hapo nikaja kukaa nao, nikamwambia majahazi ya zamani yalikuja na upepo wa kaskazi kutoka Bara Hindi yakileta shanga za kioo huku kwetu karne nyingi nyuma, kwamba kule kisiwa cha Pate kuna magofu ya mji unaoitwa Shanga yaliyochimbwa na wataalamu miaka ya 1980, na kwamba shanga nyingi za kioo wanazotungia wamama wa Kimaasai mpaka leo zinatengenezwa Ucheki, Ulaya. Akamgeukia nyanya yake. "Na zako?" "Zangu nilinunua Marikiti, kabla mamako hajazaliwa."

Seti nyingine sinunui. Jana nilipita duka la vifungo na zipu nikapata shanga za pakiti kwa shilingi 50 na uzi wa nailoni mzuri kuliko ile lastiki ya boksi. Vyumba vya boksi tunavijaza wenyewe, na kimoja, cha pembeni, binti yangu amekiweka cha zile nyekundu peke yake, amebandika karatasi ameandika "za mama".

Jumamosi mamangu anakuja tena. Nilimpigia simu nikamwambia nataka na mimi anikalishe. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Sindano unazo?" Nimenunua tatu.